Mwarabu Aliyesimama kwa Kamwene

Mama yangu alifunga na kuomba kwa ajili yangu, pale Ilomba, Mbeya, yeye na kinamama wenzake wa kanisani, ili Mungu anitoe mikononi mwa Mwarabu. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa Iringa, niko juu ya mgongo wa huyohuyo Mwarabu, nina matope hadi masikioni, namwomba Mungu huyohuyo asinitoe.

Nieleze vizuri, maana watu wakisikia nusu huwa wanamalizia wenyewe. Mwarabu ni farasi. Farasi wa Kiarabu, mweupe wa majivu, macho makubwa, pua ndogo ya kudeka. Pale shambani, nje kidogo ya mji, tulikuwa na farasi wa kila namna, na huyu tulimwita Mwarabu kwa sababu ndiye pekee wa kabila lake. Mwenye shamba ni bibi wa Kizungu aliyezaliwa hukuhuku. Kihehe anakimwaga kama maji, na mimi binti Mnyakyusa wa watu Kihehe changu kiliishia kwenye salamu. Nilisomea mifugo, nikaajiriwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wakauzwa, farasi wakabaki, nikaambiwa nijifunze kupanda. Nikajifunza kwa kuanguka.

Halafu bibi akaja na mpango wa kufungua shule ya dresaji. Dresaji, kwa asiyeijua, ni gwaride la farasi mmoja. Kuna kiwanja cha mchanga, pembeni zimesimikwa herufi ambazo hata hazifuati mpangilio wa a, be, che, na farasi anatembea, anakwenda mchakamchaka, anapiga shoti ya taratibu, anazunguka, anasimama. Yote hayo kwa ishara za miguu na hatamu ambazo mtazamaji hatakiwi kuziona. Mpandaji haruhusiwi kutamka neno. Watazamaji nao kimya. Mara ya kwanza kuiona nilidhani kuna msiba.

Bibi akatuambia bila kuzunguka kwamba nyasi na pumba zimepanda, hawezi kufuga farasi wa kutazama. Atakayefaa kwa dresaji anabaki. Asiyefaa anakwenda kwa bwana mmoja wa mjini anayekodisha vitu vya harusi: mahema, viti, mapambo, na sasa alitaka farasi mweupe wa kusimama mlangoni mwa ukumbi amevishwa maua ya plastiki shingoni. Aliposema mweupe, wote tukamtazama Mwarabu.

Wa kuamua alikuwa mwalimu wa dresaji, Mtanzania mwenzetu anayeishi Arusha, aliyejifunza kazi yake Ulaya na kurudi na mapenzi ya farasi wa Kijerumani, wale wakubwa kama kabati. Akamzunguka Mwarabu, mikono nyuma, akaguna.

"Huyu Mungu alimuumba akimbie jangwani kutoka kisima hadi kisima," akasema. "Shingo iko juu, mgongo umezama, mkia umesimama utadhani anapigia saluti bendera. Na akili yake iko kila mahali isipokuwa hapa. Waarabu hawafai kwa dresaji."

"Ni mwepesi, mwalimu. Ana miguu laini. Na anashika haraka kuliko wote."

"Anashika haraka hata usichomfundisha. Hilo ndilo tatizo lao."

Nilichukia! Nikasema moyoni, subiri wewe, utakula maneno yako na chumvi juu. Tangu siku hiyo nikahamia kwa Mwarabu. Nilikuwa naye asubuhi, nilikuwa naye jioni. Na simu ya mama ilikuwa na tabia ya kuingia nikiwa nimeshika hatamu.

"Niko kazini, mama. Niko na Mwarabu. Nitakupigia."

Siku nyingine: "Mwarabu leo kaniangusha, mgongo unauma, lakini tumeshapatana." Siku nyingine tena: "Ana hasira za karibu, ila ukimpapasa shingo anatulia mwenyewe." Nilisema hayo kwa kinywa changu, tena kwa furaha. Mama upande wa pili alikuwa anasema tu, "Haya, gwe mwanangu, haya," na sauti inapungua. Nilidhani ni mtandao.

Sasa nije kwenye kamwene. Iringa humpiti mtu njiani bila salamu, na salamu yenyewe hairushwi kama ganda la ndizi. Unasimama. Unasema kamwene, unaitikiwa kamwene, halafu zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, za yule mbuzi aliyekuwa anaumwa, ndipo unaruhusiwa kwenda. Mtu wa miguu asiposimama, watu watasema ana haraka. Mtu aliye juu ya farasi asiposimama, watasema ana kiburi, na mgeni kutoka Mbeya mwenye kiburi ataiona dunia chungu. Kwa hiyo katika njia ile ya kutoka shambani hadi barabara kuu, kila kamwene nilivuta hatamu. Mwarabu akasimama. Nikaitikia, tukaongea, tukaendelea.

Sikumfundisha. Alishika mwenyewe. Ikafika mahali sihitaji hatamu: akisikia kamwene anaganda, miguu yote minne imelingana kama ya meza, masikio mbele, anamtazama msalimiaji usoni. Wala haondoki mpaka salamu iitikiwe. Ukiitikia tu, anashusha pumzi na kuendelea na safari. Wanakijiji walimpenda kufa. Wamama wakitoka shamba walimsalimia yeye kwanza, mimi baadaye.

Siku ya mtihani ilikuwa na baridi na ukungu, viti vimepangwa kando ya kiwanja, mwalimu mezani, bibi pembeni yake amejitanda shali. Mimi nimevaa suruali nyeupe ya kuazima inayonibana hadi roho. Kengele ikalia. Nikaingia na Mwarabu kwa mchakamchaka, mstari wa katikati, mgongo wake umeinuka vizuri, shingo imejikunja, kama aliyezaliwa Ujerumani. Tulitakiwa tufike katikati, tusimame, nimpe mwalimu heshima kwa kichwa, tuendelee. Nikaona mwalimu anashika kalamu kwa adabu. Nikasema kimoyomoyo, leo ndiyo leo.

Hapo getini akatokea mwanamke amevaa kitenge na sweta, mfuko mkononi. Mama yangu. Alipanda basi la usiku kuja kunichukua kwa Mwarabu. Na kwa kuwa ni mtu mwenye malezi, aliuliza ndani ya basi hapa watu husalimianaje, akafundishwa.

"Kamwene!" akaita, kwa sauti ya kwaya.

Mwarabu akaganda. Hatujafika hata nusu ya njia. Miguu minne sawasawa, masikio mbele, macho kwa mama.

Nikabana visigino. Wapi! Nikabana tena. Alisimama kama amepandwa pale. Na kule vitini kimya, maana sheria ni kimya, watu wote wanatazama magoti yao. Mama akawatazama hao watu wazima waliokalia viti wakamnyima mgeni salamu. Nikamwona anavuta pumzi.

"Nimesema KAMWENE!"

Mwarabu akanyoosha shingo zaidi, amsikie vizuri. Bibi wa Kizungu alikuwa amejifunika mdomo kwa shali, mabega yanamtetemeka. Nikaona maua ya plastiki yanakuja. Nikaona pia kwamba tukikaa hivyo jua litatuchwea, maana farasi hawezi kuitikia na wenye midomo wamekatazwa. Basi nikavunja sheria.

"Kamwene, mama."

Mwarabu akashusha pumzi, akaondoka kwa mchakamchaka, akamaliza mtihani wote bila kosa hata moja. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mwalimu alikuja kwangu na karatasi yake. "Kusimama kule," akasema, "sijawahi kuona farasi akisimama vizuri namna ile. Tatizo hakusimama pale unapotaka wewe. Anasimama anapotaka mama yako." Bibi akamwombea: apewe nafasi moja zaidi, ila hiyo tabia ya salamu iondoke kabisa. La sivyo, harusini.

Mama naye alikuwa amenifikia, ananikagua kama aliyetoka mahabusu. "Mwarabu mwenyewe yuko wapi? Mwiteni nimwone uso kwa uso."

"Ndiye huyu, mama."

"Huyu nani?"

"Huyu. Farasi. Anaitwa Mwarabu."

Akamtazama Mwarabu, Mwarabu akamtazama yeye. Kisha akauliza polepole, "Aliyekuangusha ukaumia mgongo?"

"Ndiye."

"Anayepapaswa shingo?"

"Ndiye, mama."

"Yesu wangu! Na wamama wa watu wamelala njaa!" Akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi na mfuko wake. Alipoinuka alimpa Mwarabu ndizi zote alizotoka nazo Mbeya. "Mkwe wangu ana adabu," akasema, akiwatazama wale wa vitini. "Hapa pote aliyenisimamia ni huyu peke yake."

Kuiondoa adabu hiyo kukawa ndiyo kazi yangu. Njia ilikuwa moja tu: watu waseme kamwene, nasi tupite. Nikawaomba wafanyakazi, nikawaomba wanakijiji. Walikubali kwa kunihurumia, wakidhani nimerukwa na akili. Nikawa napita asubuhi juu ya farasi, kamwene hii, kamwene ile, nakaza visigino, natazama mbele. Mwarabu mwanzoni aligoma. Alikuwa anageuza shingo na kunitazama, kama kuniuliza kama sijasikia. Mzee mmoja muuza maziwa, niliyekuwa naongea naye kila siku habari za ng'ombe wake, alinitolea kofia na kusema, "Pita, mheshimiwa, usichelewe kikao." Iliniuma sana. Baadaye watu hawakunisalimia tena, hata nilipokwenda sokoni kwa miguu.

Na Mwarabu akashika. Si nilisema anashika haraka? Mwalimu akarudi, mtihani ukarudiwa, na safari hii bibi mwenyewe alisimama getini akaita kamwene kwa Kihehe chake safi. Mwarabu akapita kama msafara wa waziri. Alisimama katikati pale pale panapotakiwa, nikatoa heshima, tukamaliza. Mwalimu akanipa mkono. "Nayameza maneno yangu," akasema. "Waarabu wanafaa." Chumvi nilikuwa nimeisahau. Nilishukuru, nikampeleka Mwarabu bandani, nikalia huku nimeegemea tandiko.

Basi alibaki. Yuko pale hadi leo, ndiye farasi wa kufundishia, wanafunzi wanampenda kwa sababu hana makuu. Yule bwana wa harusi alitafuta mweupe mwingine. Nilitaka abaki, na kabaki, kwa hiyo sina cha kulalamika. Ila sikuwahi kumweleza mama nilichofanya. Akipiga simu humuulizia, "Mkwe hajambo? Mwambie kamwene," nami hujibu, "Niko kazini, mama, nitamwambia," na kukata.

Mwaka huu akaja kututembelea, ana ndizi zake mfukoni. Tukasimama kwenye uzio wa kiwanja. Mwanafunzi alikuwa juu ya Mwarabu, wanazunguka kwa mchakamchaka, kichwa kimeinama vizuri, hakuna sauti isipokuwa kwato kwenye mchanga. Nilijua atafanya nini mama.

"Kamwene, mkwe!"

Mwarabu akapita. Hakupunguza hata hatua. Nikatazama chini, nikisubiri kuambiwa mwacha asili ni mtumwa, au mmemharibu mtoto wa watu, jambo ambalo ningelikubali lote. Mama alimfuata kwa macho tu mpaka pembeni ya kiwanja, na mimi nikainua uso, ndipo nikaona: kichwa mbele, miguu mbele, lakini sikio moja, la upande wetu, lilikuwa limegeuka nyuma kabisa, linamtazama mama.

"Ameitika," mama akasema.

"Hajaitika, mama. Amepita tu."

"Gwe, ameitika." Akaanza kumenya ndizi, taratibu, bila kunitazama. "Yuko kazini. Si ndivyo unavyoniambiaga na wewe?"