Fungu la Pili

Mtaa mzima ulimwita Ijumaa, na si kwa sababu ya siku aliyozaliwa. Mwanamke yule fundi cherehani, ukimpelekea kitambaa Jumatatu, atakwambia njoo Ijumaa. Ukimpelekea Alhamisi, na nguo za watu zimejaa mpaka mlangoni, bado ni Ijumaa. Msimwite mwongo, nawaomba. Mwongo huahidi akijua hatatenda. Huyu aliahidi kwanza, kisha akahangaika mpaka ahadi ikawa kweli, au karibu na kweli.

Hakujaliwa mtoto. Alimlea binti wa marehemu kaka yake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na chumba chao kilikatwa katikati kwa pazia la mabaki ya vitambaa: huku cherehani, kule kitanda na vitabu. Binti alikuwa na akili za kuogopesha na maneno machache. Alitaka kusomea maabara ya hospitali, na shangazi mtu alikwisha kumtangazia kila mteja kwamba ana daktari ndani.

"Si daktari, Shangazi."

"Basi nusu daktari. Simama vizuri nikupime bega."

Fomu ya chuo ilikuwa na visanduku viwili: nitalipa karo yote mwenyewe, au naomba msaada. Binti akatia alama kwenye cha pili, maana ndio ukweli wenyewe, akamwachia shangazi bahasha aipeleke.

Siku hiyo hiyo karani wa chuo alikuja kujaribu sketi yake. Akiwa amesimama juu ya stuli, pini zimemzunguka kiunoni, akaona bora atoe la moyoni.

"Fundi, haya yaishie hapa hapa. Fomu tunaziweka mafungu mawili. Za wanaolipa yote zinasomwa kwanza. Za msaada zinasomwa nafasi zikibaki."

"Na huwa zinabaki?"

Karani akaangalia dari. "Hebu punguza hapo kiunoni kidogo."

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Shangazi alichukua wembe wake wa kufumulia, akaikwangua alama ya binti taratibu bila kutoboa karatasi, akatia yake kwenye kisanduku cha kwanza. Pesa hakuwa nayo. Aliahidi tu, kama kawaida yake, akijua itatafutwa.

Baada ya wiki tatu wakaitwa kwa msajili, mzee wa miwani mizito. Alimsifu binti kwa alama zake mpaka fundi akavimba kichwa. Kisha akauliza kama karo italipwa kwa mkupuo.

"Mimi niliomba msaada," akasema binti.

Msajili akaigeuza fomu awaonyeshe. Binti alipitisha kidole pale palipokwanguliwa, akaitambua kazi ya wembe ule mara moja.

"Ni mimi, mwalimu," akasema Shangazi. "Mtoto hana habari. Kama kuna adhabu nipe mimi, yeye mwachie nafasi yake."

"Mama, hili ni kosa kubwa."

"Najua. Lakini niambie, ningeiacha alama yake, mngeisoma fomu hii?"

Mzee wa watu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tusingeifikia," akasema. "Ila nimeshaisoma, siwezi kujifanya sijaisoma. Nitairudisha kwenye fungu la msaada, iwe ya kwanza."

Shangazi alikuwa karibu kupiga magoti. Ndipo binti akauliza, "Na wale wengine waliosema ukweli?"

Shangazi akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Wasome na wao, mwalimu, halafu ndio unipange."

"Binti, nafasi zilizobaki kwa wa msaada ni kumi na mbili. Fomu ni mia mbili na ushee. Unaweza ukaachwa."

"Wakinishinda, watakuwa wamenishinda."

Msajili akalivuta fungu la pili karibu yake, akaanza kulifungua.

Njia nzima ya kurudi Shangazi alitembea mbele. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira ile alimpenda mtoto yule kupita siku zote. Alipofika alikaa kwenye cherehani, akashona mkono wa shati upande usio wake, akafumua, akaushona vilevile tena.

Mwezi ulipokwisha, orodha ya waliopata msaada ilibandikwa kwenye geti la chuo. Shangazi aliisoma kwa kidole kuanzia juu. Alilikuta la tisa. Alilisoma mara tatu, akageuka amkumbatie binti, lakini akakumbatiwa yeye kwanza, na mwanamke asiyemjua, muuza mboga, kapu bado mkononi.

"Mwanangu ni wa kwanza," mwanamke alisema huku akilia. "Wa kwanza kabisa, dada. Mwaka wa tatu huu anaomba. Sijui safari hii wamefanyaje hata wakamwona."

Shangazi, ambaye hakuwahi kukalia sifa ya mtoto wake hata dakika moja, alimtazama binti juu ya bega la yule mwanamke. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Binti akatikisa kichwa kidogo.

"Hongera sana, dada," akasema Shangazi, naye akaanza kulia.