Siku Mama Aliposhika Taya

Nilipokuwa bado msichana wa shule ya msingi, kijijini kwetu karibu na Kyumbi, hakuna aliyethubutu kuokota kuni chini ya mumo, ule mkuyu mkubwa wa kando ya mto. Susu, nyanya yetu mzaa baba, alituambia kwamba aimu, roho za waliotutangulia, hukaa pale, na kwamba humkalia mabegani yeyote anayewasumbua. Susu huyo huyo hakukosa misa ya Jumapili.

Msimu mmoja wa mvua mama aliokota. Tulikuwa tumetoka kumzika ndugu yake wa pekee, aliyefariki ghafla, na sidhani mama alijua hata alikoinama.

Siku chache baadaye tulikuwa uani mchana tukichambua maharagwe, mama akauweka ungo chini. Alisema amechoka sana, ilhali hakuwa amefanya kazi ya maana. Kisha akashika taya. Linauma mpaka shingoni, alisema, na mgongo unambana katikati ya mabega. Akatapika. Uso ulimtoka jasho, lakini nilipomgusa alikuwa baridi.

"Ni asidi ya tumbo hiyo," baba alisema. "Na hii huzuni. Wacha alale kidogo."

Baba hakuwa na roho mbaya. Kaka yake alikufa kwa moyo, akajishika kifua na kuanguka shambani jembe likiwa mkononi. Kwetu ugonjwa wa moyo ulikuwa huo, na ulikuwa wa wanaume.

Susu alimtazama mama mabegani, nami nikajua anawaza nini.

"Muthama," alimwambia baba, "bibi yako amesema ako na uchungu. Halali hapa. Ita gari."

"Tunampeleka kwa mumo, Susu?" niliuliza nikilia.

"Hao aimu nitaongea nao mimi. Nyinyi mpelekeni hospitali."

Jirani alileta pikapu yake, tukafika Machakos mjini mama akiwa ameniegemea, mkono wake umelegea ndani ya wangu. Daktari alimpima moyo kwa mashine, na wauguzi wakaanza kutembea haraka. Tulingoja sana.

"Ni mshtuko wa moyo," daktari alikuja kutuambia. "Kifua huuma hata kwa wanawake, lakini mara nyingi wao huja wakilalamikia taya, mgongo, kichefuchefu, uchovu. Na huzuni nzito inaweza kuuanzisha. Mmefanya vizuri hamkungoja. Atapona."

Baba aliketi palepale sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka.

Mama yuko hai. Anameza dawa zake, anapalilia sukuma wiki, na nisipompigia simu ananigombeza.

Mimi siamini habari za aimu. Susu alizikwa akiziamini. Lakini nimewahi kujiuliza kwa nini yeye ndiye aliyeharakisha. Sisi wengine tulikuwa tunangoja ugonjwa ufanane na ule tuliokwisha kuuona. Susu alikosea chanzo, ila mama aliposema anaumwa, alimwamini.