Pakiti ya Maziwa ya Mwanzia

Jirani yangu Mwanzia, hapa Kyumbi, hamwamini mtu. Nikimshonea suruali, hudai hata vipande vya kitambaa vilivyobaki. "Kikulacho ki nguoni mwako," hupenda kusema, huku akitukagua sisi wapangaji wenzake wa ploti mmoja mmoja.

Kazi yake ni kuyeyusha betri kuukuu za magari katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Huko kila kibarua hupewa pakiti ya maziwa kwa siku, eti ya kuosha kifua. Mwanzia hakuwahi kuyaonja. Yalikuwa ya Nzisa, binti yake wa miaka minne. Aliniomba nimtilie mfuko wa ndani kwenye ovaroli ili pakiti isianguke njiani, nami, Kamanthe fundi wa nguo, nikaushona imara, uzi mara mbili. Kila jioni mtoto alimngoja mlangoni, akaichomoa pakiti mfukoni mwenyewe, akakata kona kwa meno. Nilipenda sana kuwatazama.

Mwaka jana Nzisa akaanza kudhoofika. Tumbo lilimsokota, chakula akakikataa, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Mtoto aliyezoea kunitania ati Mama Cherehani akawa ananitazama tu. Mama yake, Mbinya, alilia. Mwanzia alitafuta wa kulaumu. Kwanza yakawa maji ya kisima. Kisha ikawa Deka, mama wa Kisomali anayetuuzia maziwa ya ngamia, kwa kuwa Nzisa alikuwa akipewa kikombe kwake asubuhi. Akamkataza mtoto kukanyaga huko, na sisi akatuonya. Niseme ukweli, nami niliacha kununua kwa Deka kwa wiki tatu. Najionea aibu mpaka leo.

Daktari mmoja mjini Machakos aliposikia kazi ya baba, alituma damu ya mtoto ikapimwe Nairobi. Siku ya majibu nilimsindikiza Mbinya kwa daktari huyo, na Mwanzia akatukuta hapo, ametoka zamu na ovaroli yake. Daktari akatuambia damu ya Nzisa ina madini ya risasi, yale ya kwenye betri, tena mengi, akauliza ni nini kinacholetwa nyumbani kutoka kiwandani.

"Mimi sileti kitu, daktari," Mwanzia akasema. "Ni hii maziwa ya mtoto tu."

"Anafungua na nini?"

"Na meno."

Daktari akachukua pamba, akaipitisha ndani ya mfuko nilioushona. Ilitoka ya kijivu. Akaeleza kwamba maziwa hayana kosa. Vumbi la kiwandani lililoshika pakiti na nguo ndilo mtoto alilokuwa akilimeza kidogo kidogo, nalo huharibu akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima. Dawa ya kupunguza risasi mwilini ipo, ila kwanza vumbi lisifike nyumbani tena. Mwanzia aliiangalia ile pamba, na kwa mara ya kwanza hakuwa na wa kumtaja.

Jioni ile alipita na Nzisa kwa Deka kuomba msamaha. Deka akammiminia mtoto kikombe cha maziwa.

Kesho yake Mwanzia alioga kiwandani, akaiacha ovaroli hukohuko, akarudi mikono mitupu. Nzisa alimkimbilia, akapapasa shati safi huku na huku, hakupata kitu. Akamtazama baba yake kwa jicho lilelile la Mwanzia la kumkagua mtu.

"Baba, umekunywa yangu."

Tulikuwa hatujamsikia akiunga maneno hivyo kwa muda mrefu. Mbinya akaziba mdomo kwa leso. Mwanzia akachutama mbele ya mtoto, akamjibu kwamba ndiyo, ameyanywa.