Nyambizi Iliyofungwa Gatini

Jumatatu nilikuwa mtaa wa Khuwair ya Kusini, katika ofisi ndogo ya kuchapa barua, nyuma ya mzee mmoja aliyekuja na mkewe. Mzee ni mhandisi wa meli, kastaafu mwaka jana. Alikuwa akimtajia karani, binti wa Kikenya, maneno ya barua ya kuomba arudishwe kazini.

"Tia na hili," alisema, kidole juu. "Kuna nyambizi ya nyuklia imefanya kazi umri wa mtu mzima, na fueli imebadilishiwa mara moja tu. Na mimi nguvu nnazo."

Mkewe akaacha kuchezea simu. "Na sasa iko wapi?"

"Imestaafishwa. Imefungwa gatini."

"Mbona hawaivunji wakauza vyuma?"

Mzee akashusha sauti. "Mtambo wake bado una mionzi. Hawathubutu kuugusa. Wanangoja upoe, miaka na miaka."

"Alhamdulillahi," akasema bibi, akimwekea sawa kofia yake. "Basi nawe kaa gatini, bwana. Hakuna aliyesema umepoa."

Mabega ya mzee yakaanza kumtikisika, na kicheko chenyewe kikafuata.

Karani akauliza, "Sasa mzee, nitume ama niwache?"

"Usitume, mwanangu. Lakini usiifute."

Wakaondoka, funguo za gari mkononi mwa bibi. Zamu yangu ilipofika, karani alikuwa akiisogeza ile barua pembeni mwa kioo cha kompyuta, taratibu, kama mtu anayehamisha kitu cha moto.