Ng'ombe wa Mama Mkwe na Sola ya Majaribio

Nikiwa na watoto watatu na miaka ishirini na tisa, nilijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha tatu nikaolewa huku Uriri, na siri ya mtihani tuliijua wawili tu, mimi na mume wangu. Kama ningefeli wangenicheka kuanzia kisimani mpaka kanisani, na mimi kuchekwa sikuwezi. Mchana wangu ulikuwa wa shamba na watoto. Nilibaki na jioni, na jioni ilikuwa ya koroboi, iliyonitoa machozi na kunijaza masizi puani kabla sijamaliza hesabu moja.

Ndipo mume wangu akamleta muuzaji wa sola kutoka Homa Bay. Paneli moja, betri moja na taa mbili. Bei yake ilikuwa sawasawa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe wa kuuzwa bomani alikuwa mmoja tu, wa mama mkwe wangu, tena mwenye maziwa. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake. Mume wangu, kwa kuilinda siri yangu, alimwambia mama yake kwamba sola ingetuwezesha kutazama habari kwenye televisheni bila kupeleka betri Migori kwa baiskeli kuichaji. Habari anazotazama mwanawe, mama mkwe alizijua: zilikuwa na watu ishirini na wawili na mpira mmoja.

"Hii kitu inafanya kazi siku gani?" alimuuliza muuzaji.

Yule bwana alidhani ameshapata mteja. "Mama, kila siku! Hata Jumamosi! Hii haijui kupumzika!"

Nilitamani kumziba mdomo. Mama mkwe wangu alikuwa Msabato tangu utosini hadi kwenye kisigino. Jumamosi hata ukuni haukupasuliwa katika boma lile.

"Basi haiwezi kukaa kwangu," alisema.

"Mama, hata mahindi yanakua Sabato," mume wangu akajitosa.

"Mahindi nani alipandisha juu ya mabati, akafunga na waya?"

"Na ng'ombe je? Si tunakamua?"

"Ng'ombe ukiacha inaumia. Hii ukiacha inaumia wapi?"

Muuzaji alianza kukunja nyaya zake, akazikunjua tena. Mwishowe alikubali kutuachia vitu vyake kwa majaribio ya wiki moja. Mama mkwe naye alikubali, ila kwa sharti: kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, paneli ifunikwe. Ijumaa ilipofika mume wangu alipanda ngazi na blanketi letu la kitandani, akaifunga sola kwa kamba isije ikafanya dhambi.

Siku zilizotangulia zilikuwa tamu ajabu. Nilisoma chini ya taa nyeupe, kitabu nimekiweka ndani ya sinia la maharagwe, na mama mkwe akitokea mlangoni najifanya kuchambua. "Maharagwe ya nyumba hii yana mawe mangapi?" aliuliza siku moja.

Jumamosi jioni, baada ya Sabato kuisha, niliwasha taa nikafungua kitabu. Betri ilikuwa imeshinda siku nzima bila kuonja jua. Taa ikawa njano, ikawa nyekundu, ikazima nikiwa katikati ya hesabu. Hasira zilinipanda. Nilipiga meza hadi maharagwe yakamwagika, kisha nikalia kwa sauti.

Mama mkwe alikuja mbio na koroboi yake. Aliyaona maharagwe sakafuni, halafu akakiona kitabu.

"Hii ndiyo televisheni?" aliniuliza kwa Kijaluo.

Nikamweleza yote.

"Mbona mlinidanganya?"

"Niliona haya, Mama. Nikifeli watanicheka."

"Mimi nilitolewa darasa la pili nikachunge mbuzi. Hakuna aliyeniuliza kama naona haya." Akavuta kiti. "Maliza hiyo hesabu."

Alinishikia koroboi karibu na kitabu mpaka nikamaliza. Hesabu ilinipa jibu lisilo na kichwa wala miguu, lakini hilo nililijua mimi peke yangu.

Siku ya mnada aliondoka alfajiri na ng'ombe wake kuelekea Ogwedhi. Alirudi jioni na pesa kwenye fundo la leso, akanipa mimi, si mwanawe.

"Usifeli, nyar Ndhiwa," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita, binti wa Ndhiwa nilikotoka. "Yule ng'ombe nilimpenda."

Matokeo yalipotoka aliketi mbele yangu na mikono magotini, akataka nimsomee kila somo. Nilimsomea Kiswahili, nikamsomea Baiolojia, Historia na mengine, na kila moja alilipigia makofi. Hesabu niliiruka.