Faili Lisilo na Sura ya Mtu

Asubuhi ya Alhamisi Dolphine aliwasha kompyuta yake, kompyuta ikakataa. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake mistari mitatu ya maandishi meupe ikisema kwamba faili fulani la lazima halipo. Hakuwa na haja ya kuuliza limekwenda wapi. Alilifuta yeye Jumatano, kwa mkono wake mwenyewe na akili zake timamu, na hilo ndilo lililomchoma. Ukiharibiwa na mwizi unapata wa kumtukana. Dolphine alijitukana mwenyewe mpaka kinyozi wa mlango wa pili akapunguza redio ili asikie vizuri.

Saiba yake, duka la kompyuta na uchapaji, iko mtaa wa Migosi mjini Kisumu: mlango mmoja, meza mbili, na printa yenye kelele. Watu humjia kwa barua na fomu za serikali, lakini kazi anayojulikana nayo ni vijitabu vya mazishi. Kwa miaka kumi na moja, akifa mtu Obunga au Nyamasaria, jamaa humletea picha: marehemu akiwa shuleni, marehemu ndani ya suti ya kuazima, marehemu na ng'ombe wake. Naye ana sheria aliyojitungia: picha ya marehemu haifutwi. Husema mtu kuzikwa mara moja kunatosha. Basi kompyuta ilijaa marehemu hadi pomoni.

Jumatano kompyuta ilifika kikomo, ikasema haina nafasi tena. Mwenye akili angefuta picha za zamani. Dolphine aliingia ndani kabisa, kwenye mfumo wa mashine yenyewe, akatafuta mafaili yasiyo na sura ya mtu wala jina la mtu. Akayakuta, yana majina ya herufi na tarakimu ambayo hakuna mama angempa mtoto wake. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Ikamuuliza mara ya pili, akaiambia isimfundishe kazi.

Alikuwa anaitafutia nafasi picha moja. Mzee Ondiek wa Seme alikuwa wa kuzikwa Jumamosi, na mzee huyo aliacha nyumba mbili. Opiyo, kifungua mimba wa nyumba ya kwanza, alikuwa ameleta maandishi yanayosema marehemu ameacha mjane mmoja na watoto watano. Awuor, mke wa pili, aliyekaa na mzee miaka ishirini na mbili na kumwogesha alipokuwa hoi kitandani, hakutajwa. Watoto wake watatu nao hawakutajwa. Na kijitabu cha mazishi si karatasi ya kujipepea juani. Watu hukiweka sandukuni, na siku ya kugawana shamba hukitoa na kuuliza: wewe jina lako liko wapi humu?

Ukoo ulibishana siku tatu. Jumatano mchana wazee walikuja saibani, wakakaa kwenye benchi, wakamwambia Dolphine aandike wakiona: wajane wawili, watoto wanane. Awuor akatoa picha ya siku marehemu alipopeleka ng'ombe wa mahari kwao, hiyo moja tu aliyokuwa nayo. Dolphine akaiskani moja kwa moja ndani ya ukurasa. Wazee wakasoma kwenye kioo, wakaitikia, wakarudi Seme bila kuchukua karatasi. Opiyo, aliyekuja nao, akasema picha yenyewe ataihifadhi yeye, isipotee.

Sasa Alhamisi, saa tatu asubuhi, Opiyo huyo huyo alisimama mlangoni.

"Dada, nimesikia mashine imekufa. Pole sana. Lakini usijali, ile ya kwanza niko nayo kwa flashi. Wewe print hiyo tu."

"Ile ya kwanza iko na mjane mmoja."

"Sasa tutafanya nini? Hiyo ni mambo ya Mungu."

"Mungu hakugusa kompyuta yangu, Opiyo. Ni mimi niliharibu. Na ile picha ya Mama Awuor iko wapi?"

"Picha gani?"

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Dolphine angeweza kuandika upya kwa kumbukumbu, lakini bila picha Opiyo angesimama mbele ya watu na kusema mwanamke wa saiba ametunga. Alimwambia atoke, na akamwambia kwa Kijaluo, ili asije akasema hakuelewa.

Alifunga duka, akapakia kompyuta kwenye bodaboda, akaenda mjini. Fundi wa kwanza aliitazama na kusema fomati. Wa pili hakuitazama, akasema fomati. Mafundi wa Kisumu ukiwapelekea hata jino bovu watasema fomati: futa kila kitu, anza upya. Wa tatu alikuwa Shoaib, ana kibanda nyuma ya soko. Naye alipofungua tu kinywa, Dolphine alipiga meza.

"Ukiniambia format naondoka! Ndani ya hii kitu kuna mtu watu wake wanataka kumfuta. Unataka na wewe umfute?"

Shoaib alimvutia kiti.

"Sawa, mama. Kaa. Niambie ulifuta nini."

Aliiamsha mashine kwa flashi yake. Picha za marehemu zilikuwapo zote, na kijitabu cha Mzee Ondiek kilikuwapo. Walikinakili kwenye mashine ya Shoaib, kikakataa kufunguka: Dolphine alikitengeneza kwa programu ya zamani iliyokuwa ndani ya kompyuta yake tu. Ilibidi mashine yenyewe ifufuke. Shoaib alijaribu kuitengeneza, ikagoma. Alichukua faili kama lile kutoka kwenye mashine yake, ikagoma vilevile.

"Hii Windows yako ni ya zamani sana. Tafuta mtu ako na mashine kama hii, hii kabisa. Hiyo file tutaicopy."

Dolphine alikuwa anamjua mtu huyo. Komal, anayeuza vipuri vya magari pamoja na babake kwenye barabara ya Nyamasaria, alinunua kompyuta yake siku moja na Dolphine, pacha kwa pacha, chuo kimoja kilipokuwa kinauza za zamani. Alifika kwake jasho likimtiririka na flashi mkononi. Komal alisikiliza, akainuka kwenye kiti chake.

"Chukua, Dolphine. Lakini usifute kitu hapa."

Lingekuwa neno la kuchekesha siku nyingine. Dolphine alinakili faili hilo, dogo kuliko picha ya mtoto mchanga, akarudi kwa Shoaib mbio. Saa kumi jioni kompyuta iliwaka. Alifungua kijitabu, akamwona Awuor akiwa msichana, mzee kando yake, na ng'ombe nyuma yao. Alilia kwa hasira, kisha Ijumaa kutwa akachapa nakala mia mbili.

Huwa haendi kwenye mazishi ya wateja. Jumamosi alikwenda Seme, boksi la vijitabu likiwa mapajani. Alipofika akaona watu chini ya mahema tayari wameshika vijitabu. Opiyo alikuwa amechapisha vyake kwingine. Mjane mmoja, watoto watano. Hata wazee wa lile benchi walikuwa wamevishika, bado hawajavifungua.

Dolphine hakumwomba mtu ruhusa. Alianza kiti cha kwanza, akachukua cha Opiyo na kutoa chake.

"Hiyo iko na makosa. Shika hii. Hiyo iko na makosa, mama, shika hii."

Opiyo alimshika mkono kwa nguvu. "Wewe ni wa ukoo gani, wewe?"

"Niachilie! Mimi ni mwenye kuandika."

Mzee wa ukoo aliyekuwa na maikrofoni, Mzee Otiato, ambaye hakuwa kati ya waliokuja saibani, aliuliza kuna kelele gani. Dolphine alijivuta, akaenda mpaka mbele, akamwekea kijitabu mkononi. Mzee alivaa miwani. Alifungua ukurasa wa pili, akautazama muda mrefu, na maikrofoni ilikuwa bado wazi.

"Huyu hapa nyuma," alisema, "huyu ameshika kamba ya ng'ombe. Si ni mimi?"

Alimtazama Opiyo, kisha akatazama jeneza.

"Ni mimi. Hiyo ng'ombe nilifikisha kwa kina Awuor na hii mikono yangu." Akageuza ukurasa. "Wajane wa marehemu wasimame. Wote wawili."

Awuor alikuwa amekaa kwenye majani, nje ya hema, pamoja na majirani. Alisimama, na watoto wake watatu wakasimama naye. Dolphine alichukua boksi lake, akaendelea kugawa vijitabu mstari wa nyuma.