Viatu vya Kuombea Huruma

Wiki iliyopita nilienda benki hapa Likasi kuomba nirudishiwe makato ya akaunti yangu kwa sababu ya shida. Nilivaa koti la harusi na viatu vinavyong'aa, hata mlinzi alinifungulia mlango kwa saluti. Nimetembea miji mingi, akili sijaleta. Karani alivitazama viatu, akaniuliza, "Papa, njo shida gani hii?" Nilisogea pembeni, mguu mmoja nimeuficha nyuma ya mwingine.

Aliyefuata alikuwa mjane, kitenge chake kimepigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe. Alieleza kwamba pensheni ya marehemu mumewe, fundi wa mgodini, ilikatwa frais, zile ada za benki, mara tatu, na dawa yake ya presha ilikuwa imeisha. Karani aliirudisha barua yake ya maombi bila kuisoma.

"Mama, munavaa bien kabisa. Ile difficulté iko wapi?"

Naye karani ni mtoto wa hapa hapa! Anajua kwamba kwetu hata mwenye njaa haingii ofisini bila kujipamba. Nilitaka kupayuka, lakini mama alinitangulia, taratibu:

"Mutoto yangu, kama nilikuya na manguo ya kupasuka, mulinzi yenu angenifungulia mulango?"